Gonga Mara Tatu

Kwa miezi mitano Rula alikuwa amezoea kutukanwa kila ifikapo saa nne asubuhi, na aliyemtukana hakuwahi kutumia neno chafu hata moja. Aliingia akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, akaitazama saa ya ukutani, kisha akasema, "Shikamoo, Daktari," kwa sauti ya mtu anayetema mbegu ya limau. Alimzidi Rula miaka minne. Shikamoo ile ilikuwa kofi.

Asubuhi hiyo Rula hakuwa na subira ya kuipokea.

"Marahaba, mwanangu," akajibu. "Umeamka salama?"

Dereva mstaafu wa malori, aliyekuwa akipiga pedeli kwenye baiskeli ya mazoezi pembeni mwa chumba, alicheka hadi mguu ukateleza. Nyonga yake ilikuwa ya chuma tangu mwaka jana, lakini mdomo ulikuwa uleule aliozaliwa nao. Ndiye aliyembandika mtaalamu huyo wa viungo jina la Rula, kwa ajili ya kile kipimo cha plastiki alichotembea nacho mfukoni mwa koti, chenye mikono miwili kama mkasi, cha kupimia goti limekunjika nyuzi ngapi na kiwiko kimenyooka nyuzi ngapi. "Binti huyu," dereva alipenda kusema, "hata akikupenda atakupima kwanza."

Mgonjwa wa saa nne naye alikuwa na jina la kupewa. Watazamaji wa mieleka walimwita Winchi, kwa kuwa aliweza kumnyanyua mtu wa kilo mia kama mto wa kulalia, akamzungusha hewani, akamlaza. Sasa Winchi alikuwa na kipande cha chuma na skrubu sita shingoni. Alitembea hatua kumi na mbili kati ya reli mbili za mazoezi, akatweta kama aliyepanda mlima. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na nguvu lakini bega lake lilikuwa limekauka. Mkono wa kulia ndiyo kwanza umeanza kuchezesha vidole.

Jambo ambalo hospitali haikulijua, ingawa dereva alikuwa amelinusa siku nyingi, ni kwamba wawili hawa walikuwa wachumba. Na aliyeivunja shingo ya Winchi, miezi saba iliyopita, alikuwa kaka yake Rula wa tumbo moja.

Leo Winchi hakuja na muuguzi. Aliyekisukuma kiti alikuwa mama yake mzazi, fundi cherehani mwenye jicho linaloona mshono uliopinda kutoka ng'ambo ya barabara. Tepu ya kupimia ilikuwa bado shingoni mwake, dalili kwamba ametoka kazini moja kwa moja. Kwapani amebana mkoba, na ndani ya mkoba ilichungulia bahasha ya rangi ya kaki.

"Karibu, Mama," Rula akasema.

"Usiniite mama. Ungekuwa mkwe wangu ungeniita mama. Niite mteja."

"Karibu, mteja. Kiti kipo pale."

Mama alikivuta kiti mpaka upande wa kulia wa kitanda cha mazoezi, akakaa wima, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja mahakamani mapema ili apate nafasi ya mbele.

Rula na Winchi wakaanza kazi ya kuhamia kitandani. Kazi hiyo ilikuwa na hatua zake, nao walizifanya kimya kila siku: breki za kiti, miguu chini, mikono ya Rula chini ya makwapa yake, kifua kwa kifua, moja, mbili, tatu, inuka. Kwa muda wa pumzi mbili nywele za Rula zilikuwa kidevuni mwake. Winchi alinukia sabuni ileile ambayo Rula alikuwa akiipenda. Pale nyusi ya kushoto ilipokatika, kovu lake la mechi ya kwanza, Rula aliwahi kulipitishia kidole akiuliza kama linauma. Sasa Rula alitazama pembeni. Winchi alitazama darini. Mama alizitazama pumzi zote mbili, akazihesabu.

"Taratibu basi," mama akasema. "Hapo hakuna anayecheza dansi."

"Mama, mwambie kilichokuleta," Winchi akasema alipokwisha kulazwa chali, kola ya shingo imembana taya. "Asije akakisikia kwa watu."

"Barua ya kamati," mama akasema, akigusa mkoba. "Kesho saa tatu chama cha mieleka kinakaa kumjadili kaka yako. Kilichobaki ni sahihi ya mwanangu tu. Akishaiweka, huyo Komeo wenu hatakanyaga jamvi tena maisha yake yote."

"Msomee," Winchi akasema.

"Sina haja," Rula akasema.

"Msomee, Mama."

Mama akavaa miwani. Alisoma polepole, kwa sauti ya kanisani. "'Nathibitisha kwamba nilipokabwa kabari ya shingo siku ya mazoezi, niligonga jamvi mara tatu kwa mkono wangu wa kulia, kama sheria inavyotaka. Mwenzangu alisikia, na kwa makusudi hakuniachia.'"

Pedeli za baiskeli ya dereva zilipunguza mwendo.

Klabu yao ilikuwa na sheria nyingi zilizobandikwa ukutani na kusahauliwa, lakini hiyo moja haikuhitaji kubandikwa. Anayezidiwa hugonga jamvi mara tatu. Anayegonga huachiwa papo hapo, bila swali, hata kama anayekaba ni bingwa na watazamaji wamesimama juu ya viti. Mtu anayepuuza kugonga si mwanamieleka, ni mhalifu.

Siku ile ilikuwa Jumapili. Wiki mbili zilikuwa zimebaki familia mbili zikutane rasmi, kwa hiyo mazoezi yaligeuzwa kuwa kama karamu. Mama na binti na shangazi walikaa pembezoni mwa jamvi, upande huu wa bibi arusi, upande ule wa bwana arusi. Shemeji wawili watarajiwa walishikana kwa utani. Komeo, aliyeitwa hivyo kwa sababu mkono wake ukishajifunga haufunguki, alimbana Winchi shingo chini ya kwapa. Winchi alijipinda atoke, akateleza, uzito wa wote wawili ukaangukia mahali pamoja. Rula, aliyekaa upande wa kushoto, aliona mgongo wa kaka yake tu. Alisikia mlio kama wa fimbo kavu.

"Hakugonga," Komeo alisema siku ileile, midomo imekauka. "Mdogo wangu, naapa, sikugongewa."

"Niligonga," Winchi alisema siku ya tatu, alipoweza kusema. "Mara tatu. Alisikia."

Rula alimwamini nani? Alimwamini aliyekuwa na mirija puani. Alimwambia kaka yake asimjue tena, akamfungia mlango, na tangu hapo hajasikia sauti yake. Kaka aliliacha jamvi, akaenda kupiga randa katika karakana ya milango. Na Winchi, aliyeaminiwa, alimrudishia Rula pete ndani ya kipande cha bandeji, kwa mkono wa muuguzi, pamoja na maneno manne: Damu yenu ni moja. Kwa hiyo Rula alipoteza pande zote mbili ndani ya juma moja, akavaa koti lake jeupe, akaja kazini.

"Umemaliza kusoma?" sasa akamwuliza mama.

"Nimemaliza."

"Basi niruhusu nifanye kazi. Bega la kushoto leo lazima lipite nyuzi tisini, la sivyo litaganda moja kwa moja, na hapo hutaweza hata kujifutia pua."

"Anavyolitamka bega," Winchi akamwambia dari. "Utafikiri ananihurumia."

"Sikuhurumii. Nakunyoosha."

"Unajua kwa nini nilikukubali wewe, Daktari? Walinipa nafasi ya kuchagua. Nikasema, nipeni huyohuyo. Nilitaka kila siku Mungu anayoileta uje uone alichokifanya nduguyo. Ukiniinua, uone. Ukinipima, uandike kwa mkono wako."

Alikuwa hajawahi kulisema hilo waziwazi. Uso wa Rula haukumsaliti.

"Nimeandika," akasema. "Faili lako limefika kurasa arobaini. Na mimi unajua kwa nini nilikubali kukuhudumia?"

"Kwa kutubu."

"Kwa sababu hakuna mwingine hapa anayejua shingo. Usijipe ukubwa."

"Wamwagieni maji hao," dereva akanong'ona kwenye usukani wa baiskeli yake.

Rula aliushika mkono wa kushoto, mkono mmoja chini ya kiwiko, mwingine juu ya bega. Bega hilihili zamani alikuwa akiliegemea wakisubiri mvua ikatike kwenye baraza la klabu. Sasa alilijua kwa nyuzi.

"Ukizidiwa, sema basi," akasema.

"Sikuambii basi wewe. Labda nife."

Na kweli, kwa miezi yote mitano hakuwahi kulitamka. Alikuwa akiuma meno mpaka Rula mwenyewe aone jasho na kusimama. Kwa bega lililokauka namna hii, kiburi cha aina hiyo kingeweza kuchana nyama.

"Basi gonga," Rula akasema, na hasira ikamponyoka kabla hajaikamata. "Mkono wa kulia si umeanza kuamka? Gonga kitanda mara tatu nitaachia. Si unajua kugonga? Barua inasema unajua sana."

Mama aliinua kichwa. Winchi alifumba macho, akayafumbua.

"Nyoosha," akasema.

Sabini. Rula alikwenda polepole, kama alivyofunzwa, akisikiliza mfupa kwa vidole vyake. Themanini. Koo la Winchi likapanda na kushuka ndani ya kola. Themanini na tano. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Rula alisubiri kugongwa kwa kitanda. Hakusikia kitu. Themanini na nane. Alikaza masikio. Kitu gani hiki, mtu huyu ni jiwe? Tisini.

"Niachie!" Winchi akanguruma, sauti iliyojaza chumba. "Niachie, nimegonga! Nimegonga mara tatu, mbona huachii? Ukoo mzima hamna masikio?"

Rula aliushusha mkono haraka lakini kwa uangalifu, akaulaza juu ya mto.

"Hujagonga," akasema.

"Nimegonga!"

"Nilikuwa nasikiliza. Hujagonga hata mara moja."

"Ndivyo alivyosema na yeye! Maneno yaleyale! Mmefundishana?" Uso wake ulikuwa umeiva, macho yamejaa maji ya maumivu na hayana namna ya kuyafuta. "Mama! Umekaa hapohapo, mkono upo mbele yako. Mwambie. Si umeniona nikigonga?"

Mama aliutazama mkono, kisha sakafu.

"Mama?"

Yule mama aliyeona mshono uliopinda kutoka ng'ambo ya barabara aliishika tepu yake kwa ncha zote mbili, akaivuta kama anayejinyonga taratibu. "Labda," akasema, "labda uligonga kidogokidogo, baba. Labda macho yangu."

Macho yake! Rula aligeuka kumtazama. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, naye hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa mbele ya Rula. Hapo ndipo kitu kilipoanza kujikunjua ndani ya akili ya Rula, polepole, kisha kwa kasi iliyomfanya ashike ukingo wa kitanda.

Ukurasa wa thelathini na sita wa faili. Mwandiko wake mwenyewe. *Mkono wa kulia: vidole vinatii mgonjwa akivitazama. Asipovitazama, havisogei.* Alikuwa ameliandika hilo wiki iliyopita na kulipigia mstari. Mgonjwa wake mwenyewe! Halafu leo, kwa hasira tu, amemlaza mtu chali, kola shingoni, macho darini, akamwambia agonge kwa mkono usioonekana. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angefukuzwa kwa kosa hilo.

Na kama mkono huu unaweza kudanganya leo...

"Usisogee," akasema.

"Nisogee niende wapi?"

Rula alikwenda kabatini, akachukua bakuli la chuma la kuwekea pamba, akalipangusa. Alilifunika kifudifudi juu ya kitanda, akauinua mkono wa kulia wa Winchi, akaulaza juu yake, vidole vyote vitano vimegusa chuma. Kwa ukucha wake mwenyewe aligusa bakuli kidogo sana. *Ting.* Mlio ulikwenda hadi kona ya chumba.

"Umesikia?"

"Mimi si kiziwi."

"Tazama dari. Gonga mara tatu."

Winchi alivuta pumzi kwa dharau. Feni ilizunguka. Nje, gari fulani lilipiga honi. Bakuli halikulia.

"Haya," Winchi akasema. "Nimegonga. Umeridhika?"

Rula alilitazama bakuli.

"Nimegonga, nasema."

"Rudia," Rula akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Mishipa ilimtoka Winchi kwenye paji la uso kwa bidii. "Moja," akahesabu mwenyewe kwa sauti. "Mbili. Tatu. Bakuli hili ni bovu."

Dereva mstaafu alikuwa ameacha kabisa kupiga pedeli. "Mwanangu," akasema kwa upole ambao hakuna aliyejua anao, "sijasikia kitu. Na mimi masikio ndiyo kitu pekee sijawahi kuvunja."

Rula alikamata mpini chini ya kitanda, akazungusha. Upande wa kichwa ukainuka, nyuzi ishirini, thelathini, arobaini, mpaka Winchi akauona mkono wake umelala juu ya bakuli kama wa mtu mwingine.

"Sasa utazame," Rula akasema. "Usiuachie macho. Gonga."

Winchi aliutazama. Kidole cha shahada kikatetemeka, kikainuka kiasi cha unene wa sarafu, kikaanguka. *Ting.* Kikapumzika. *Ting.* Kisha, baada ya muda, *ting.*

Alifumba macho. Wote waliona taya lake likikaza. Kidole kilitulia palepale. Alipoyafumbua, hakumtazama Rula wala mama yake, aliutazama mkono.

"Nimegonga sasa hivi," akasema polepole. "Nimehisi kabisa. Kama ninavyohisi ninavyosema."

"Kichwa kimetuma amri," Rula akasema. "Kikishaituma, kinahesabu imefanyika. Zamani mkono ungekirudishia habari, siku hizi haurudishi. Jicho likiwepo, jicho linasimamia."

"Tangu lini?"

"Tangu shingo ilipokwenda."

"Na shingo ilikwenda lini? Kabla sijagonga, au baada?"

Hilo Rula hakuwa na haki ya kulijibu.

"Kichwa changu kilikuwa kwapani kwake," Winchi akasema, kana kwamba anasoma kitu kilichoandikwa mbali. "Nilikuwa naona suruali yake tu. Nikagonga. Nikasubiri aniachie. Nikagonga tena kwa nguvu, nikasema moyoni, huyu ananiua." Akautazama tena ule mkono. "Sikuuona mkono."

"Haukusogea," mama akasema.

Alilisema akitazama sakafu, na kwa sauti ndogo kiasi kwamba Winchi aliuliza, "Nini?"

"Siku ile. Nilikuwa upande wa kulia, mkono ulikuwa mbele yangu, hivihivi." Alinyoosha kiganja chake hewani, kikining'inia. "Ulilala kama kitambaa kilichodondoka mezani. Nikashangaa, mbona hagongi? Nikainuka nipige kelele. Ule mlio ulikuwa umeshalia."

"Mama. Ulijua?"

"Nilijua nilichokiona. Kisha ukaamka ukasema uligonga. Ningekuambiaje, mwanangu, wewe umelala na mabomba, nikuambie ni mwongo? Nikajiambia, macho yamezeeka." Sasa machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyasumbukia. "Na mimi nilihitaji mtu wa kumchukia. Ningemchukia nani? Jamvi?"

"Miezi saba," Rula akasema. "Miezi saba, Mama."

"Usiniite..." mama akaanza, lakini hakuimaliza.

Rula alisimama katikati yao, na kama kungekuwa na kipimo cha nyuzi za hasira, kile cha mfukoni kingevunjika. Alimtazama mama: mwanamke aliyemnyima hata jina. Alimtazama mwanaume aliyekuwa akimsalimia kwa makofi kila asubuhi. Alitaka kuwapigia kelele wote wawili. Lakini kila tusi alilolitafuta lilimrudia mwenyewe, kwa sababu kulikuwa na mtu wa tatu ambaye Rula mwenyewe alimfungia mlango usoni, mtu aliyemwambia *sikugongewa* mara moja tu, kwa sauti ya chini, na hakurudia.

"Nipe hiyo barua," Winchi akamwambia mama yake.

"Niichane?"

"Geuza nyuma. Kuna nafasi. Andika wewe, Mama, kwa mkono wako. Andika kwamba Komeo hakugongewa. Andika na ulichokiona."

Mama aliigeuza karatasi. Kisha akachukua kalamu kutoka mfukoni mwa koti la Rula, bila kuomba ruhusa, kama mama mkwe anavyochukua kitu cha mkwewe, akaegemea mkoba, akaanza kuandika. Kalamu ilikwaruza. Alipomaliza, Winchi aliisoma yote, na kwa mkono wa kushoto uliokuwa bado unauma kwa zile nyuzi tisini, akaweka sahihi.

"Rula," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile kumwita kwa jina lolote lisilo la cheo. "Nimekosa. Kwake na kwako. Nipe simu nimpigie."

"Panga foleni."

"Nini?"

"Nimesema panga foleni. Wewe umekosea kwa kuwa hukuuona mkono wako. Mimi ninasoma mikono ya watu kila siku, na sikumwuliza ndugu yangu swali la pili. Niko mbele yako. Na usinitazame hivyo, bado nimekukasirikia mpaka kwenye kucha."

"Nami sijasema nimeacha kukukasirikia," Winchi akasema, lakini sauti ilikuwa imekatika kama uzi. "Ulivyosema 'unajua sana kugonga'."

"Nililisema nikiwa nalimaanisha."

"Najua. Ndiyo maana liliuma kuliko bega."

Walitazamana. Ilikuwa mara yao ya kwanza kutazamana bila macho ya mmoja kukimbilia darini, na ilidumu zaidi ya pumzi mbili. Mama, safari hii, hakuhesabu.

Rula alitoka kwenye ujia na kufunga mlango nyuma yake. Namba hakuwa ameifuta. Ilipoita mara nne, alidhani hatapokea. Mara ya tano ikapokelewa, na upande wa pili akasikia msumeno wa karakana ukipunguza mlio, kisha ukizimwa.

"Mdogo wangu?"

Alifungua mdomo. Maneno yote aliyokuwa ameyapanga, yenye *nisamehe* na *sikujua* na *nilikuwa mjinga*, yalikwama kama umati mlangoni. Alisikia pumzi ya kaka yake. Alisikia na yeye anasikilizwa.

Kwa ukucha wa kidole cha shahada, Rula aligonga simu. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Kwa mwanamieleka, sheria ile haina muda wa kufikiri.

"Nimesikia," Komeo akasema, na sauti yake nzito ikapasuka katikati. "Nimekuachia, mdogo wangu. Nimekuachia zamani."

Rula aliegemea ukuta wa ujia, akalia waziwazi, wahudumu wakipita na vitoroli vyao na kujifanya hawaoni. Kisha akajifuta kwa mkono wa koti.

"Usikate," akamwambia kaka yake. "Kuna mwingine."

Alirudi ndani. Mama alisogeza kiti nyuma kumpisha. Dereva mstaafu alijifanya anafunga kamba za viatu, ingawa alikuwa amevaa ndala. Rula aliliondoa bakuli la chuma, na mahali pake, chini ya vidole vya mkono wa kulia wa Winchi, akailaza simu kifudifudi.

"Zamu yako," akasema. "Na usidhani msamaha wangu mimi nimekupa. Huo utakuja siku yake, nikitaka."

Kisha akainama, akakamata mpini wa kitanda, akamwinua Winchi nyuzi kumi zaidi, ili auone mkono wake vizuri.